Ubao wa Mninga na Draiva Zilizogombana

Baba mkwe wangu ni seremala wa Kilwa Kivinje. Ule ubao wa mninga, uliotoka huko milimani Kipatimu, alikuwa ameukausha chumbani kwake tangu kabla sijamwoa binti yake. Wazee wa msikiti walipomwagiza mlango mpya, aliutoa akauleta karakanani kwangu. Mikono yake imeanza kutetemeka, kwa hiyo alitaka Bismillahi ichongwe kwa mashine yangu ya kuchongea mbao.

Mashine hiyo inaongozwa na kompyuta yenye mfumo wa Linux wa aina yake, unaotakiwa kutii saa. Amri ya kusogeza kisu ikichelewa hata kidogo, mota hupotea njia. Wiki ileile nilikuwa nimepachika kadi mpya ya video, ili skrini ipendeze, na kadi ya waifai. Vyote viliwaka vizuri, nikaridhika. Sikujaribu kwanza kwa kipande cha kutupa.

Wazee walikuja na baba mkwe baada ya swala ya alasiri kutazama. Niliwaeleza mengi, hata wasiyouliza. Kisu kilichonga herufi za mwanzo, safi kabisa. Mmoja akaniomba nimwoneshe mchoro mzima, nami nikalivuta dirisha la kwenye skrini ili nilikuze. Mota ikakoroma, kisu kikaruka upande, kikachimba mfereji katikati ya jina la Mwenyezi Mungu. Nikabonyeza kitufe chekundu, nimeshachelewa.

"Astaghfirullah," mzee mmoja akanong'ona.

Nilifungua mdomo, lakini baba mkwe akanitangulia. "Ubao una fundo ndani," alisema, akipapasa palipoharibika. "Kosa langu. Nilichagua vibaya."

Hapakuwa na fundo. Wazee wakampa pole, nami nikasimama pale natazama viatu vyangu, nikamwacha mtu mzima abebe aibu yangu mpaka walipoondoka. Sikuweza hata kumsindikiza.

Siku zilizofuata niliitafuta ile hitilafu. Nilianza na nyaya, nikabadilisha. Mashine ikaruka tena. Nikashuku mota, nazo zilikuwa nzima. Mwishowe nikafungua programu inayopima ucheleweshaji wa amri. Nilipoiacha peke yake ilitulia. Nilipogusa dirisha lolote, namba zikapaa. Basi ni draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya video, nikajua: kila ilipochora kitu, iliing'ang'ania prosesa, ubongo wa kompyuta, amri za mota zikangoja. Niliiondoa nikaweka draiva ya kawaida, isiyo na mbwembwe. Namba zikashuka, ila mara mojamoja zilichupa bado. Ilikuwa ile kadi ya waifai. Hiyo na kadi inayoendesha mota zilikuwa zinaiita prosesa kwa njia moja, kama watu wawili wanaogombea mlango. Nikaichomoa. Nikachonga ua kwenye ubao wa mwembe huku nafungua na kufunga madirisha makusudi, na kisu hakikuyumba.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake, Ijumaa, baada ya swala, niliwafuata wale wazee barazani, nikawaambia ukweli: ubao haukuwa na fundo, kompyuta yangu ndiyo iliyokosea. Nilidhani nautua mzigo.

Walinisikiliza. Kisha yule aliyenong'ona siku ile akauliza polepole, "Kwa hiyo mkweo alituambia uongo?"

Sikuwa nimeliona hilo. Naapa sikuwa nimeliona. Nikaanza kueleza kwamba alinihurumia tu, kwamba ni mtu mwema, na kila neno likazidi kumvua nguo. Baba mkwe mwenyewe alikuwa hatua chache tu, anavaa makubazi yake. Alisikia yote. Aliaga kwa adabu, akaenda zake.

Nilikwenda kwake asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa anapiga randa ubao mwingine wa mlango ule, mwembamba kuliko wa kwanza.

"Baba, nisamehe. Nilitaka kulisafisha jina lako."

"Jina langu lilikuwa limechafuka kwako?"

 Alipuliza maranda, akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu," alisema. "Ningekwenda nawe. Tungewaambia pamoja."

Kisha akashika upande mmoja wa ubao, akaningoja nishike wa pili. Tukaubeba mpaka karakanani kwangu. Herufi zilitoka sawa, zote. Yeye alitazama kisu. Mimi sikuweza kumtazama usoni.