Mama Randa na meza ya mchezo wa sita

Saa moja na nusu asubuhi, karakana bado ina ubaridi wa usiku, lakini Mama Randa tayari ana jasho puani. Ameinamia ubao mpana, randa mkononi, na kila anapoisukuma mbele, maganda membamba ya mbao yanajikunja na kuangukia viatu vyake. Anasimama. Anafumba jicho moja, anauangalia ukingo wa ubao kutoka huku mpaka kule, anatikisa kichwa, anaendelea kusukuma.

"Bado una kiburi hapa katikati," anasema huku akiupapasa kwa kiganja. "Ngoja niushushe kidogo."

Ubao huo utakuwa uso wa meza. Juu ya meza hiyo utachezwa mchezo mmoja tu wa sataranji, Jumamosi hii, na mchezo huo ndio utakaoamua nani bingwa wa taifa. Wachezaji ni wawili. Mmoja ni bingwa mtetezi. Mwingine ni Mama Randa mwenyewe.

Ndiyo, umesoma vizuri. Fundi anatengeneza meza ya fainali yake. Na aliyependekeza apewe kazi hiyo ni mpinzani wake.

"Watu wananiuliza kama nimerogwa," anasema, na kicheko chake kinajaa karakana nzima. "Nawaambia sijarogwa, nina kazi. Nipisheni nipige randa."

Mama Randa ni seremala, ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu hata akienda kumwita mtoto aje kula, huenda na randa mkononi. Mwezi mzuri huuza vitanda vitatu na kabati moja. Mwezi mbaya hubandika miguu ya viti vya watu na kushukuru.

Sataranji iliingia maishani mwake kwa kosa. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alimwagiza mbao za kuchezea kwa ajili ya wanafunzi wake. Mama Randa hakuwahi kuuona mchezo huo. Alisikiliza maelezo nusunusu, akarudi kazini, akachora miraba tisa kila upande badala ya minane.

"Mwalimu alipokuja kuzichukua alicheka mpaka akakaa chini," anakumbuka. "Mimi nimekasirika, nimemaliza mbao zangu nzuri! Nikamwambia, haya, nionyeshe huo mraba wa tisa umekukosea nini. Akapanga kete, akaanza kunielekeza. Giza likaingia tuko palepale."

Ubao mmoja wa miraba tisa bado upo. Ndio anaowekea birika la chai.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na miwili. Alijichongea kete kwa vipande vya mbao vilivyobaki, akamfundisha mumewe, ambaye ni fundi viatu na kibanda chake kimeegemea ukuta wa karakana. Mume huyo anasema bila haya kwamba yeye ndiye binadamu aliyefungwa na Mama Randa mara nyingi kuliko wote.

"Asubuhi nafungwa kabla ya chai, jioni nafungwa baada ya chakula," anasema akishona soli. "Nilimwambia, mke wangu, nenda ukawafunge na wengine, mimi nimechoka."

Akaenda. Kila mwaka aliingia mashindano ya ubingwa, na kila mwaka alitolewa kabla ya fainali. Mwaka huu hakutolewa. Alipita kama mtu anayechelewa basi, mpaka akajikuta mezani na bingwa mtetezi, mhasibu wa kampuni ya bima ambaye wachezaji wote humwita Kiyoyozi. Hatoki jasho, hapandishi sauti, na amelikalia taji kwa miaka sita.

Fainali ilikuwa ya michezo sita. Baada ya mitano walikuwa sawasawa. Na hapa msomaji ashike jambo moja: wakimaliza sawa, taji hubaki kwa bingwa. Kwa hiyo mchezo wa sita Mama Randa alitakiwa ashinde. Sare haikumfaa.

Mwandishi wa habari hii alikuwa ukumbini siku hiyo, na moyo ulikuwa ukimdunda utadhani anacheza yeye. Viti vyote vilijaa. Waliokosa viti walipanda madirishani. Jukwaani palikuwa na meza moja iliyofunikwa kitambaa cha kijani kilichoshuka mpaka sakafuni, na kengele ya mkono kwa mwamuzi mkuu, mama mmoja ambaye siku za kazi ni mkunga.

Chama cha sataranji kina sheria moja kali. Kengele ikilia na mchezaji hayuko kwenye kiti chake, amepoteza mchezo. Haiulizwi alikuwa wapi. Sheria hiyo ililetwa kuwakomesha wachelewaji, na kweli iliwakomesha.

Mama Randa alikuwa amefika mapema, amekaa, amepanga kete zake. Kisha akaweka kiwiko mezani.

"Meza ikanijibu," anasema. "Ikafanya tik. Mguu mmoja mfupi! Wewe unaweza kucheza juu ya kitu kinachofanya tik? Mimi siwezi. Hata nikialikwa kwa watu, kiti kikiyumba siwezi kula mpaka nikitulize."

Akachomoa penseli yake bapa ya useremala nyuma ya sikio, akaivunja, akaingia chini ya kitambaa na kipande kimoja. Alikuwa akikisokomeza chini ya mguu ule mfupi wakati kengele ilipolia.

Alipoibuka, nywele zimejaa vumbi, Kiyoyozi alikuwa kitini pake na mkono wake uko juu.

"Mwamuzi, mpinzani wangu hakuwa kwenye kiti. Nadai ushindi."

Ukumbi ulilipuka. Nusu ya watu walipiga kelele kwamba sheria ni sheria, nusu nyingine kwamba huo ni uhuni. Bibi mmoja wa safu ya mbele alivua kiatu, haijulikani alitaka kumpiga nani. Mwamuzi mkuu alisimamisha saa ya mchezo na kuita kamati ya rufaa ya watu watatu. Kamati ilitaka kwenda kuamua faraghani, watu wakagoma kuipisha mlangoni. Basi shauri likasikilizwa palepale jukwaani.

Mwamuzi mwenyewe hakuona kitu. Yeye hupiga kengele akiwa ameigeukia saa ya ukutani, asije akakosea hata sekunde, na siku hiyo aliipa meza mgongo kama kawaida yake. Ushahidi wa watazamaji nao kamati haiupokei, maana kila mmoja ana upande wake.

Mama Randa aliulizwa kama alikuwa amekaa.

"Nilikuwa mezani, sikuondoka," alijibu. "Kama nilikuwa kwenye kiti au kwenye magoti, sikumbuki. Fundi akiangalia mguu wa meza hakumbuki makalio yake yako wapi."

Watu walicheka, ila kamati haikucheka. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama meza iliyumba kweli. Ikaletwa glasi ya maji, ikawekwa katikati, meza ikatikiswa. Maji yalitulia tuli. Mama Randa alijishika kichwa, maana kazi yake ilikuwa safi mno, na ushahidi wake wote ulikuwa umebanwa chini ya mguu wa meza.

Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye duka la dawa, akamgeukia bingwa. "Mtu anaweza kuinama akiwa bado kwenye kiti. Wewe una hakika gani kwamba hakuwa amekaa?"

Kiyoyozi, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, alipandisha sauti.

"Hakika mia kwa mia! Kengele inalia, mimi nimeinuka, nimezunguka meza, nimefunua kitambaa, nimemkuta amepiga magoti kabisa!"

Mwenyekiti alivua miwani polepole.

"Kengele inalia, wewe umefanya nini, kaka yangu?"

"Nime..." Kiyoyozi akaziba mdomo kwa mkono. Halafu, na hili lisisahaulike katika kumhukumu, alianza kucheka yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Vicheko vya ukumbi vikafuata, watu wakashikana mabega, na aliyekuwa ameshika kiatu akakivaa.

Kamati haikuwa na njia nyingine. Wachezaji wote wawili hawakuwa kwenye viti, kwa hiyo wote wawili walipewa sifuri. Na sifuri kwa sifuri ilimaanisha wamemaliza sawa. Taji likabaki kwa bingwa.

Mama Randa alirudi nyumbani na kipande cha penseli kilichobaki. Hapo anapolisimulia jambo hili, ndipo anapoweka randa chini.

"Iliniuma," anasema. "Nisikudanganye. Kufungwa nimezoea, nimefungwa miaka kumi na miwili. Lakini siku ile hakuna aliyenifunga. Hatukusogeza hata kete moja! Nilijiuliza, hivi mimi ningemweza au nisingemweza? Sikupata jibu."

Mumewe anasema alinyamaza siku mbili. "Huyu mke wangu akinyamaza, mtaa mzima unakuja kuuliza kuna msiba gani. Nilimwomba anifunge mchezo mmoja, akakataa. Nikajua mambo ni mazito."

Na Kiyoyozi? Tulimkuta ofisini kwake, kati ya majalada na feni inayolalamika. Hakujificha.

"Mwaka jana, kwenye mashindano ya nje, kengele ililia nikiwa kwenye foleni ya choo," alisema. "Sheria hiihii. Niliomba, nikabembeleza, hakuna aliyenionea huruma. Kwa hiyo siku ile nilipoona kiti kitupu, nilitaka sheria iliyonila mimi imle na mwenzangu. Ndiyo ukweli."

Kilichombadilisha, anasema, si utani wa ofisini, ingawa wenzake walikwisha kumbatiza Mzee wa Kufunua Kitambaa. Ni simu ya mama yake.

"Aliniuliza nimeshindaje. Nikaanza kumweleza habari za kengele na kitambaa. Akanisikiliza, akasema, 'Sawa mwanangu, nimekuelewa. Sasa niambie umeshindaje.' Nikamuaga, nikampigia mwenyekiti."

Alimwambia mwenyekiti kwamba anataka mchezo wa sita uchezwe. Kamati iliketi tena, ikabishana, ikakubali, kwa kuwa aliyeomba ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Ikaongeza na kanuni mpya: mchezaji akiona meza ina hitilafu, amwite mwamuzi, asiingie chini mwenyewe. Ilibaki kupata meza isiyoyumba. Kiyoyozi akasema anamjua fundi.

"Atengeneze yeye," alisema. "Asipate tena sababu ya kuinama."

Wako waliolalamika kwamba si haki mchezaji kutengeneza meza anayochezea. Kwa hiyo bingwa alipewa ruhusa ya kuja kuikagua, na leo, baada ya chakula cha mchana, anaingia karakanani na tai yake shingoni, akikanyaga vumbi la mbao kwa uangalifu.

Uso wa meza umeshawekwa juu ya miguu yake minne. Bado haujapigwa msasa wa mwisho. Kiyoyozi anaomba glasi ya maji. Mume wa Mama Randa anamletea, imejaa mpaka mdomoni. Bingwa anaiweka katikati, anakita ngumi mezani. Hakuna tone. Anaisukuma meza kwa nyonga. Hakuna tone. Anaishika pembe hii, anaishika pembe ile, kisha anavuta suruali yake juu kidogo, anapiga magoti, anaingia chini kutazama miguu.

Mama Randa anagonga nyundo kwenye chuma kilichoning'inia mlangoni. Ngaaa!

"Kengele imelia!" anapaza sauti. "Nani yuko chini ya meza leo?"

Kiyoyozi anaibuka kwa haraka mpaka anajigonga kichwa, na karakana yote, pamoja na wateja wawili wa viatu, inakosa pumzi kwa kucheka. Yeye anajipapasa utosi, anacheka nao.

"Umenilipa," anasema.

"Bado. Jumamosi ndiyo nitakulipa."

"Dada, Jumamosi nitakufunga vibaya."

"Nifunge! Ila unifunge nimekaa."

Hilo ndilo analolitaka, anasema Mama Randa baada ya bingwa kuondoka. Akishinda, ashinde amekaa kwenye kiti chake. Akishindwa, ashindwe amekaa kwenye kiti chake, ajue kwamba amekutana na mtu aliyemzidi, aanze upya mwakani. Anapolisema anapunga mikono yote miwili, macho yanang'aa, na unaona wazi kwamba laiti ingewezekana angeanza kucheza sasa hivi.

Kuna makubaliano mengine ambayo wachezaji hao wawili wamepatana wenyewe, bila kuihusisha kamati. Atakayeshinda ataondoka na meza.

Mumewe hapendezwi sana. "Ametumia mbao alizokuwa amezitunza kwa ajili ya kabati letu," analalamika kutoka kibandani. "Mbao zile! Halafu labda zikakae sebuleni kwa mhasibu."

"Meza ni meza," anajibu mkewe. "Sitamtengenezea mtu mguu mfupi kwa sababu naogopa kumpa."

Anachukua msasa, anaanza kuulainisha ukingo, taratibu, kwa duara ndogondogo. Tunamuuliza kwa nini meza imekuwa nyembamba kuliko meza za mashindano tulizozoea kuziona. Anaacha kusugua. Anatabasamu kama mtu aliyekamatwa.

"Jana jioni niliupima mlango wangu wa sebuleni," anasema. "Inapita barabara, hata rangi ya fremu haiguswi."

Na mlango wa Kiyoyozi?

Mama Randa anapuliza vumbi kwenye ukingo wa meza, anaupitishia kidole.

"Huo," anasema, "sikuupima."