Kikombe cha Gidon

Kila asubuhi, mbele ya kunywa chai, tonton Baudouin alikuwa anafunga macho. Mutu ambaye hakumuzoea alifikiri anasali. Alivuta kreti ya bia, akaisukuma chini ya injini ya pikipiki yoyote iliyolala kwetu, gurudumu la mbele likabaki hewani. Kisha aliweka kidole kimoja tu kwenye ncha ya gidon, ule usukani, na kuizungusha pole, kushoto mpaka mwisho, kuume mpaka mwisho. Katikati njo kulikuwa maneno. Kama rulma za shingo, zile gidon inazungukia, zimechoka, gidon ikifika katikati inaingia mu kashimo kadogo, kama ulimi unapokuta jino lililovunjika. Mutu mwingine hasikii. Yeye alisikia. Alifungua macho, akasema "Inapita," ao "Inakwama," kisha akaomba chai yake.

Ni kaka ya mama. Yeye njo alituvusha ziwa, mama na yaya Chris, kaka yangu mukubwa, na mimi, wakati upande wetu wa Pweto watu waliacha kulala mu nyumba kwa kuogopa bunduki. Hapa Nchelenge walimujua kwa shingo za pikipiki tu. Injini walipeleka kwa wengine. Lakini barabara ya kupanda Chienge inakula shingo mbele ya yote. Gurudumu linaingia mu shimo, pigo linapanda kwa furshe, zile nguzo mbili za mbele, linafika kwenye bile, vile vyuma vya muviringo vidogo kama mbegu za papai, na bile zinapiga kikombe cha chuma zinamokaa. Pigo mia, pigo elfu. Siku moja kikombe kimebonyea, na gidon inataka kwenda tu mahali, fasi inataka yenyewe.

Mataximan, wale wa pikipiki za abiria, waliokuwa wanangojea kazi kwenye luya yetu, uwanja wa nyumba, walikuwa na wimbo mumoja.

"Fasi barabara iko mubaya, hakuna mutu anauliza," alisema Webby, mukubwa wao, mutu wa hapa hapa ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni. "Fasi iko muzuri, kibao: arobaini! Na polisi na kamera yake nyuma ya muti."

"Arobaini! Hata mbuzi ya mama Chisala inapita arobaini."

"Ile kibao baliandikia konokono."

Kwa hiyo walikimbia mu mashimo, kwa sababu huko hakuna kamera, na kwenye lami walikwenda kama watu wa maziko. Tonton aliwasikiliza, kichwa chini ya furshe ya mutu.

"Endeleeni tu," aliwaambia. "Munaniletea kazi."

Yaya Chris alikuwa mumoja wao. Miaka makumi mbili na mbili, hakunywa pombe, hakuwahi kuangusha mutu. Lakini naye alikimbia mu mashimo kama wote. Siku ya pili ya juma moja alifika saa sita ya mchana, pikipiki inagonga kila akishika frein asimame, wenzake wanamucheka.

"Angalia, pikipiki ya Chris inasalimia batu na kichwa!"

"Tonton, inanipiga mikono," alisema Chris.

Kreti, kidole, macho. Hata mimi niliyekuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, niliona gidon ikiruka ilipofika katikati.

"Hii haikwame. Hii imekufa," tonton alisema. "Rulma zitatoka Mansa siku ya tano. Mupaka pale, ilale."

"Siku ya tano? Tonton, banazika mama ya Eness kesho saa ine."

Eness aliuza samaki kavu kando ya mama pale Kashikishi. Habari ya mama yake ilimufikia asubuhi ile. Kijiji chao kiko mbali, kupita Chienge, na minibus haitoke mpaka ijae.

"Apande na mutu mwingine."

"Bengine banakunywa. Ananitaka miye."

Eness mwenyewe alikuwa amesimama pa luya. Alijifunga kitambaa kiunoni, kwa nguvu, kama watu wa kilio. Hakuomba kitu. Tonton alimuangalia, kisha akaangalia chini, akachukua kle, spana yake.

Alitoa gurudumu, akatoa furshe, akafungua nati kubwa ya juu. Bile zilianguka kwenye kitambaa. Alipangusa kikombe na mafuta ya taa, na nikaona alama za bile mule ndani, zimejipanga kama meno ya mutu aliyeuma sabuni. Alikaa akikiangalia. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu alishanieleza, akicheka. Kuna watu wanauzisha pikipiki, wanagonga kikombe kinatoka, wanakizungusha kidogo, wanakirudisha. Bile zinalala pasipobonyea. Gidon inakuwa laini kama ya dukani, juma mbili, juma tatu. Mununuzi anafurahi, muuzaji hayuko tena. "Ni kazi ya wezi," aliniambia siku ile.

Sasa alichukua tindo na nyundo, akagonga kikombe kikatoka, akakizungusha kidogo.

Lakini kikombe kilichotolewa hakiume tena chuma kama zamani. Kilicheza mu shingo. Tonton alisema bila kuniangalia:

"Cadette. Kata bati."

Nilichukua makasi ya mama, nikakata kopo la soda, kipande chembamba, chekundu. Alikizungusha kwenye kikombe kama kitambaa kwenye kidonda, akapiga nyundo. Kikashika. Akapaka grisi, akafunga yote.

Kidole kikapita toka kushoto mpaka kuume kama mu maji.

"Aba! Tonton! Iko mupya!" Chris alicheka.

Tonton hakucheka. Alimushika kwenye kola. "Si mupya. Sikia vizuri, mutoto. Arobaini. Hata pa lami, hata pasipo kamera. Arobaini kwenda, arobaini kurudi."

"Arobaini, tonton. Naapa."

Hakumwambia kitu alichofanya. Mimi pia sikumwambia. Nilirudi kwenye mbabula, ugali ulikuwa unaungua.

Waliondoka siku ya tatu, jua lilikuwa limeshatoka. Yaliyobaki ninayajua kwa Chris. Alikwenda arobaini, kweli, hata mu mashimo. Wengine waliwapita wakiwapigia klakson. Walipofika pa lami, Eness alimugonga mugongoni.

"Chris, batamuzika bila miye."

Gidon ilikuwa laini, hakuna kitu kilichomuuma mikono. Akaongeza. Mashimo waliyotoka yalikuwa yamemaliza kazi yao mule mu shingo, lakini yeye hakujua. Pa mteremko, mbele kidogo ya kibao, gidon ikaanza kujitingisha yenyewe, kidogo, halafu kama mbwa anayetingisha panya. Akaikamata na nguvu zote. Ikamunyang'anya.

Eness alianguka na kichwa. Alifia palepale, kitambaa bado kimefungwa. Mama yake alizikwa saa ine ile bila yeye, na siku ya tano wakafungua udongo kando yake.

Chris alivunjika muguu mara mbili. Polisi aliandika: sabini, fasi ya arobaini. Siku ya kwanza ya juma lingine kesi yake ingesikilizwa, na kama ni mbio tu zilizoua, ingekuwa jela. Kila mutu aliyefika kwenye kitanda chake, Chris alimwambia neno lile lile: gidon ilijitingisha. Hakuna aliyeamini. Kaka ya Eness alifika mpaka kwetu, akasimama pa mulango, hakutaka kiti.

"Kila taximan akiua anasema ni pikipiki," alisema. "Mwambieni mutoto wenu aache uongo. Aseme alikimbia, tumusamehe. Akiendelea na uongo, hatusamehe."

Mama alilia. Tonton alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amesukuma ile pikipiki na miguu toka kule mpaka kwetu, na alikuwa ameifungua. Bati langu jekundu lilikuwa limekatika vipande. Kikombe kilizunguka kama pete kwenye kidole cha mutu aliyekonda. Alikiweka mu mufuko wa shati, pa kifua, na shati likaanza kushika doa la grisi. Hakulibadilisha.

Tokea siku ile hakufunga macho asubuhi. Rulma zilifika toka Mansa mu kikartoni chao. Aliziweka juu ya kabati, hakukifungua.

Siku ya posho, ile ya sita ya juma, mataximan walikutana kwetu, wengi, hata wa Chienge. Webby alikuwa na karatasi, barua kwa wakubwa wa barabara. Aliisoma kwa Kiingereza, kisha akaieleza: shimo limeua Eness, limevunja Chris, kwa hiyo mashimo yafungwe na kile kibao cha arobaini kiondolewe. Kila mutu atie sahihi.

Tonton alisimama.

"Si shimo."

"Ba Baudouin, kaeni, tunamaliza," alisema Webby.

"Si shimo, na si mbio peke. Ni miye." Alitoa kikombe, akakiweka juu ya barua. "Nilikizungusha. Nikakifunga na bati."

Wale ni watu wa pikipiki, walielewa mara moja. Kijana mumoja alijishika kichwa. Mwingine aliangalia pikipiki yake mwenyewe, ile tonton aliyoitengeneza mwezi uliopita.

Webby alishika kikombe na vidole viwili, akakirudisha mu mukono wa tonton, pole, kama mutu anayemurudishia muzee fimbo yake. Barua ilikuwa na duara la grisi katikati.

"Awe, hapana, mudala, muzee wetu," alisema. "Miaka tunalia juu ya hii barabara. Leo tuko na mufu, bakubwa batasikia. Weye unakuya kusema ni kachuma? Batatucheka. Bataambia siye: tengenezeni kwanza pikipiki zenu."

"Na Chris?"

"Chris ni mutoto wetu sote. Tutamupelekea chakula."

"Jela?"

Webby alifuta karatasi na mukono wa shati, grisi ikaenea. Walitia sahihi mumoja mumoja. Tonton alikaa kwenye kreti yake mpaka wa mwisho alipowasha pikipiki. Hakuna hata mumoja aliyemuaga.

Siku ya kwanza, ile ya kesi, asubuhi, tonton alinawa mikono na sabuni ya omo mpaka kwenye viwiko. Alinawa tena. Hakuomba chai. Alipotoka, nilimufuata nyuma kidogo. Alijua, lakini hakunifukuza.

Pa polisi aliingia, mimi nilikaa chini ya dirisha. Alisema Kibemba chake cha soko, na pale kilipokwisha akaweka Kiswahili. Alieleza kikombe, tindo, bati.

"Mutoto hakusema uongo," alisema. "Gidon ilijitingisha kweli. Kama ningeiacha inakwama, mikono ingemuuma, angekwenda pole yeye mwenyewe. Miye njo nilitoa maumivu."

Polisi aliandika muda murefu. Kisha aliuliza: "Nani mwingine alijua juu ya hili bati?"

Nilisimama. Nilikuwa na mukono kwenye ukuta. Ningesema, polisi angenisikia.

"Hakuna mutu," alisema tonton. "Nilikuwa peke yangu."

Nikakaa tena.

Walimwambia aende, wataita jina lake. Walibaki na kikombe. Alipotoka, doa lilikuwa pa kifua na mufuko ulikuwa mutupu, umetepeta. Alinipa kle yake, ile kubwa ya nati ya shingo.

"Ile pikipiki ya Elliot pale nyumbani inakwama. Mutu asiipande."

"Ndiyo, tonton."

"Mwambie Chris ni gidon. Mwambie mama yako pia, lakini polepole."

"Wewe hauwezi kuwaambia?"

Aliangalia mikono yake aliyoinawa. Kwetu ni kuume, kupanda. Yeye alishika kushoto, kwenye njia inayotelemuka bandarini, mahali mitumbwi ya kisiwa cha Kilwa na ya ng'ambo ya ziwa inapopakia. Nilifikiri anakwenda kutafuta tumbaku. Alipita tuta la kwanza, akapita la pili. Taximan mumoja alipunguza mwendo kando yake, kama kumwambia apande. Akatikisa kichwa, akaendelea na miguu.

Nilirudi nyumbani, nikasukuma kreti chini ya pikipiki ya Elliot, ili tonton akifika aikute tayari. Iko pale mpaka leo, gurudumu hewani.