Akodiani Iliyokwenda Lionja

Sikwenda kuimba. Wajukuu zangu, lishikeni hilo kwanza, maana hapa Ruangwa wapo watu wanaonisimulia mimi maisha yangu kana kwamba sikuwepo. Siku ya kwanza nilipoingia Klabu ya Bati pale Nachingwea nilikwenda kupiga pasi. Nilipewa pasi ya mkaa, meza iliyogongwa kwa mbao za makreti ya vipuri, na rundo la mashati meupe ya wanabendi. Karani wa Ukumbi, mtu mkavu asiyejua mzaha, akaniambia, "Binti Nangonga, kola zikikunjamana hawa wanapiga vibaya." Nikacheka. Yeye hakucheka. Baadaye nikaja kuona kwamba alikuwa anasema kweli.

Ilikuwa ile miaka ya karanga. Waingereza walileta matingatinga kung'oa msitu ili walime karanga, na Nachingwea ikafurika watu: Wanyasa, Wahehe, Wangoni, Wamakonde, na sisi Wamwera wenyeji tuliokuwa tunashangaa. Watu wakifanya kazi juma zima kwenye vumbi lile, Jumamosi wanataka pa kwenda. Basi ghala moja la bati likaondolewa matairi, likapigwa jukwaa, likatundikwa pazia la magunia yaliyotiwa rangi nyekundu, na ndiyo ikawa klabu. Leo ukipita pale huoni hata msumari.

Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu Lionja. Mama alikuwa kungwi mkuu. Kwa nyinyi mnaokulia mjini, kungwi ndiye anayewafunda wasichana unyagoni, na kungwi mkuu ndiye mwenye nyimbo. Nyimbo zile haziimbwi mbele ya mwanamume, na msichana asiyechezwa hazisikii. Wanawake wa vijiji vyote vya pale, mpaka Ruponda, walikuwa wanampa mama watoto wao kwa kumwamini kwamba mdomo wake una mlango.

Aliyenitoa kwenye pasi ni Bendimasta. Huyu alikuwa Mngoni kutoka upande wa Songea, alikuwa amepiga tarumbeta jeshini wakati wa vita, na sasa alikuwa anapiga akodiani, kile kinanda cha kuvutwa na kusukumwa kifuani. Siku moja alinikuta nikiimba huku napiga pasi, wimbo wa dansi tu niliousikia mazoezini. Akasimama mlangoni.

"Wewe, nani kakufundisha kupokea?"

"Kupokea nini, Bwana?"

"Kiitikio! Unaingia mahali penyewe hasa, na hao ninaowalisha wanaingia kama mbuzi shambani."

Kupokea, kwa lugha ya kazi ile, ni kuingia na kiitikio pale mwimbaji wa kwanza anapoishia, usitangulie wala usichelewe. Mimi nilijifunza unyagoni, lakini hilo sikumwambia. Nikasema nimezaliwa nalo.

Nilikwenda kwanza kuomba ruhusa Lionja. Jamani, nilijua atakataa. Mama alikuwa anapepeta mtama, hata hakuinua kichwa. "Nyimbo za dansi imba," akasema. "Hizo hazina mwenyewe. Zetu ziache hapa hapa nyumbani." Nikambusu mkono, nikakimbia.

Basi nikawa mwimbaji, na kazi ile ilikuwa na taratibu zake, msidhani ni kupayuka tu. Tulianza na walsi ili watu waone aibu kidogo, tukapanda foksitroti, kisha rumba, na rumba ikishakolea, pazia linafungwa kwa maonyesho. Hapo ndipo alipotoka Likunja, Mmakonde, juu ya mironjo, ile miti mirefu ya kutembelea, amevaa suruali ndefu kama bomba, anawachungulia wakubwa kwa juu na kuwauliza kama wana ruhusa ya kuwa wafupi. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Likunja nyumbani kwao alikuwa mchezaji wa kinyago, kile cha kuvaa usoni, lakini kinyago chake hakukileta klabu hata siku moja. Bendimasta alimwomba mara nyingi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Kile si changu peke yangu."

Bwana mkubwa wetu alikuwa Bwana Ustawi, Mwingereza aliyesimamia starehe za wafanyakazi. Mtu mwema, sitamsingizia. Alituletea gitaa jipya, na mvua ilipovuja jukwaani alipanda juu ya bati mwenyewe na nyundo. Lakini alikuwa na haraka ya kupendeza wakubwa zake. Ikaja habari kwamba wageni wanatoka Dar es Salaam kuja kutazama mradi, na Jumamosi wataletwa klabu. Bwana Ustawi akamwambia Bendimasta, "Sitaki walsi. Walsi wanazo kwao. Nataka kitu cha wenyeji."

Na balaa lilikuwa limeshaingia. Muda mfupi kabla ya hapo mama alikuwa anawacheza wari, wale wasichana wa unyagoni, nami nilikwenda Lionja kumsaidia. Bendimasta alikuwa anapita njia ile na lori la klabu, akasimama barabarani kunichukua nirudi mazoezini. Alifanya heshima yote, hakusogelea ua wa unyago, akakaa ndani ya lori ananisubiri. Lakini upepo hauna heshima, na sikio la yule mtu lilikuwa jizi. Jumatatu nanyoosha gauni langu kwa pasi, nasikia akodiani inalia jukwaani. Ni ule wimbo wa unyagoni! Wote, kutoka mwanzo mpaka pale unapogeuka. Pasi nusura iniangukie mguuni.

Nikamwendea. "Bendimasta, huo usiupige."

"Mtamu sana huu! Ni wimbo wa nini?"

"Siwezi kusema."

"Wa msiba?"

"Siwezi."

"Matusi?"

"Bwana wee, nimesema siwezi."

Akacheka. "Basi kama huwezi kusema ubaya wake, hauna ubaya. Maneno siyajui wala siyataki. Nataka sauti tu, wewe utaimba la-la-la."

Nilimwendea Bwana Ustawi nikamweleza hivyo hivyo nusu nusu, naye akanisikiliza kwa upole, kisha akasema wimbo ni wimbo, na asiyeimba Jumamosi akatafute kazi nyingine. Ndugu zangu, nilikaa nyuma ya klabu nikalia. Kazi ile nilikuwa naipenda. Ilinitoa kwenye kuitwa "yule aliyeachwa". Lakini wimbo ule ukipigwa, hata bila neno moja, kila mwanamke aliyechezwa atakayeusikia, mle ndani au kwa nje barabarani, ataujua kwa mlio, na atajua umetoka nyumba gani.

Nikaenda Lionja. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Ukipigwa mbele ya wanaume," akasema, "sina uso wa kuwatazamia wenzangu. Wamenipa watoto wao. Na wewe, mwanangu, usirudi hapa tena. Sikufukuzi kwa chuki. Nitakuwa sina nyumba ya kukurudishia."

Nikasema, "Mama, sikuutoa mimi. Wallahi sikuutoa."

"Najua. Watu watajua?"

Akarudi kwenye ungo wake wa mtama. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa, "Huyo mpiga kinanda ni kabila gani?"

"Mngoni."

"Mngoni?" Mama akaacha ungo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Mngoni! Kumbe ni mtani! We mtoto, ungesema mapema, umenipandisha homa bure."

Jumamosi ile, mazoezi ya mchana yalikuwa yameanza, Bwana Ustawi amesimama mbele ya jukwaa na kofia yake mkononi. Mama akaingia klabu. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amejifunga kanga mpya mbili, mgongo umenyooka, akapita katikati ya ukumbi moja kwa moja mpaka kwa Bendimasta.

"Wewe ndiye Mngoni?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Sina marahaba ya kumpa mwizi! Babu zako walikuja huku wakala ng'ombe wetu, wakamaliza. Wakala mbuzi, wakamaliza. Wakachukua na wake za watu. Hamkushiba? Sasa mmeanza na nyimbo?"

Wanabendi wakaanza kushangilia, maana wote walielewa pale pale ni nini kinachoendelea. Bendimasta macho yakamtoka kwa furaha. "Aa! Mtani wangu! Na nyinyi si mlikimbia mkaacha vyungu motoni? Tulikula ili visiungue!"

"Vizuri. Leo nami nimekuja kula." Akainama, akanyanyua akodiani kutoka kwenye kiti, akajitwika kichwani, akageuka, akatoka. Jamani! Ile akodiani kila akipiga hatua inaguna kidogo.

Bwana Ustawi akapiga ukelele. "Mwizi! Anaiba! Iteni askari!"

Hakuna aliyetikisika. Bendimasta alikuwa amekaa kwenye ubao wa jukwaa, mikono kichwani, anacheka hana pumzi. "Bwana, siwezi kumshtaki."

"Kwa nini huwezi? Nimeona kwa macho yangu!"

"Ni mtani wangu. Mtani akichukua kitu chako humshtaki, Bwana. Unakikomboa."

"Kwa sheria gani?"

Likunja akamjibu kutoka kule juu ya mironjo, "Ya zamani kuliko hii bati, Bwana."

Huo ndio utani wa kwetu. Babu zetu walipigana, kisha wakapatana, na tangu hapo Mmwera anamtukana Mngoni, Mngoni anamtukana Mmwera, kila mmoja anachukua cha mwenzake, na mwenye kukasirika ndiye mshamba. Bwana Ustawi alisoma vyuo vingi, maskini, hicho hakikuwemo.

Bendimasta akamfuata mama, nami nyuma yao. Tukamkuta nje kidogo ya mji, barabara ya Lionja, amekaa pembeni, kaiweka akodiani mapajani kama mtoto.

"Mtani, nikomboe vipi?"

Sasa mama hakuwa anacheka. "Ulichokichukua kwangu nirudishie."

"Wimbo unarudishwaje, mama?"

"Unasahau."

Bendimasta akanitazama mimi, akamtazama mama. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba ndani ya utani ule kulikuwa na mtu anayeomba. Akavua kofia. "Nimesahau."

"Haya, piga nione kama umesahau."

Akaipokea akodiani, akavaa mikanda, akavuta pumzi, akapiga wimbo wa kanisani kwao. Beti nzima, taratibu, katikati ya barabara, na sisi Waislamu wawili tunamsikiliza. Mama akatikisa kichwa mpaka ulipokwisha.

"Umesahau," akasema. "Mungu akuweke."

Halafu, kwa kuwa mtani haondoki mikono mitupu, mama akampa wimbo mwingine, wa kukung'uta ufuta, ambao hauna siri na kila mtu anaimba shambani: *Ufuta taratibu, dada, ukikung'uta kwa hasira, wataula kuku.* Ndio tuliowaimbia wageni. Wakapiga makofi wakasimama, Bwana Ustawi akawa mwekundu kwa raha, na tangu siku ile klabu haikufungwa Jumamosi bila Ufuta Taratibu. Wimbo ule mwingine Bendimasta hakuupiga tena, hata siku alizolewa, hata siku alizokuwa peke yake akijaribu sauti. Nilikuwa namsikiliza, nasema kweli. Namshukuru mtu yule kila nikiswali, Mkristo wangu, mtani wangu.

Karanga zilikataa udongo, mnajua wenyewe. Matingatinga yakaondoka, watu wakaondoka, klabu ikawa tena ghala, mwisho bati likang'olewa likaenda kuezeka nyumba za watu. Likunja alirudi kwao Newala. Bendimasta alinipa mkono stesheni akasema, "Binti Nangonga, usichelewe kupokea." Sikumwona tena. Bwana Maendeleo wa wilaya, ambaye aliwahi kunisikia klabu, akanichukua kuwafundisha kina mama kushona na kuimba, na ndipo nilipohamia Ruangwa. Kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Mikutano ya wakubwa, mapokezi, siku za sikukuu, kwaya za kina mama mnazozisifia mpaka Namungo, nyingi zimepita mikononi mwangu. Nilipata kazi nikiwa sina kitu, na kazi ikanifanya mtu.

Mwaka niliostaafu mama akaniita. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, lakini sauti ile ile. Akasema wakati umefika, anataka kumwachia mtu nyimbo, na mtu huyo ni mimi.

Nilishtuka. Nikasema, "Mama, mimi? Nimeimba mbele ya wanaume, nimeimba mbele ya Wazungu, jukwaani, midomo imepakwa rangi. Wapo wanawake hapa Lionja hawajawahi kutoka kwenye nyua zao. Mpe mmoja wao. Watu watasemaje?"

Akanishika mkono, akaupapasa mpaka akakipata kiganja.

"Wewe ulibembelezwa uutoe ule wimbo, ukakataa," akasema. "Hao wengine sijui. Hawajawahi kubembelezwa."