Abiria Wasiokwenda Kisumu

Makofi matatu ya kiganja kwenye bati. Hayakuwa ya hasira wala ya furaha. Yalikuwa ya mtu anayebisha mlango wa jikoni kwake mwenyewe, akijua utafunguliwa. Nilikuwa nimeyasikia kwa miezi mitano, asubuhi baada ya asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye benchi mbele ya duka la vifuniko vya simu, mkabala na steji ya magari ya Kisumu mjini Kisii. Nilikuwa nimeyaweka katika fungu la kelele za kawaida, pamoja na honi za bodaboda na sauti za wapiga debe. Siku hiyo yalinishtua kwa sababu moja tu: sikuwa na fomu mapajani, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kichwa changu hakikuwa kimeinama.

Makanga alipiga bati mara tatu, na watu watano wakashuka garini. Walishuka kwa utulivu, kila mmoja na mzigo wake, wakaenda kusimama chini ya paa la duka la dawa. Wanakwaya watano waliokuwa wamefika wakihema wakapanda, gari likaondoka. Baada ya muda mfupi gari jingine lilisogea mahali palepale, likiwa tupu. Wale watano wakaacha kivuli chao na kuingia humo, wakachagua viti vya dirishani.

Nilikuwa nimerudi pale kupiga picha tu. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imekamilika, jopo lingeketi baada ya wiki mbili, na msimamizi wangu alikuwa ameomba picha moja ya steji kwa ajili ya kiambatisho. Nilipiga picha hiyo. Ikatoka na ukungu, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa wale watano.

Ni lazima nieleze nilichokuwa nimekiandika. Nilikuwa nimepata bahati ya kusoma muhula mmoja ng'ambo, katika mji wa bandari ambao treni, mabasi na vivuko vyake vinaendeshwa kama kitu kimoja. Kadi ileile inafungua milango yote. Treni ikichelewa kidogo, kivuko kinaisubiri. Kivuko kikitia nanga, basi liko pale, dereva anatazama saa. Nilirudi nikiwa na swali ambalo nililiona la busara: je, magari yanayotoka Nyamira, Suneka na Kisii yakipewa ratiba, hayawezi kuunganishwa na treni ya Kisumu na vivuko vya ziwani, ili mtu wa kwetu asipoteze nusu ya siku akingojea? Ili kulijibu, nilihitaji kujua ni wangapi wanaopanda, saa ngapi, na wanakwenda wapi. Nikahesabu. Nilihesabu vizuri sana, na hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka. Fomu yangu ilikuwa na safu ya wanaopanda, lakini haikuwa na safu ya wanaoshuka, kwa kuwa ile ni steji ya kuanzia safari, na nilijiuliza mara moja tu, mwanzoni kabisa, ni nani ashuke mahali safari inapoanzia. Sikuliuliza tena.

Miongoni mwa wale watano alikuwamo mwanamke wa makamo mwenye sanduku la kahawia. Nilimfahamu. Alikuwa amefungua sura yangu ya nne. Nilikuwa nimemwandika kama mfano wa msafiri anayebadilisha chombo: anatoka Kisii asubuhi, anafika Kisumu, anavuta sanduku lake hadi kwenye treni. Msimamizi aliisifu aya hiyo. Alisema ina uhai.

Nilivuka barabara nikaenda kwenye dirisha lake. Nikamsalimu, bwakire mama, naye akaitikia akicheka, akiwaambia wenzake kwamba mwalimu wa kuandika leo hana karatasi. Nilimuuliza kama safari imeahirishwa.

"Safari gani, omoiseke?" Ndivyo wanavyomwita msichana kwetu.

"Ya Kisumu, mama."

"Kisumu nilienda mara moja, kwa mazishi." Akaliinua sanduku kwa kidole kimoja ili nione lilivyo jepesi. "Mimi kazi yangu ni kukaa. Wewe ungepanda gari tupu? Abiria akiona viti vinne vimebaki, anapanda. Akiona kumi na vinne, anaenda kunywa chai."

Mzee wa gazeti aliyekuwa nyuma yake, ambaye kwenye fomu zangu alisafiri kila Jumanne na Alhamisi, aliuliza kama kweli nilikuwa sijui. Nikakiri kwamba nilikuwa sijui. Gari zima la watu wasiokwenda popote lilicheka, lakini bila ubaya. Yule mama ndiye aliyenieleza kilichowachekesha.

"Sisi tulidhani na wewe umewekwa," alisema. "Tulisema steji hii imeendelea, sasa ina mpaka karani."

Niliwauliza huwa wangapi. Inategemea, wakasema: siku za soko la Daraja Mbili hawahitajiki sana, mvua ikinyesha wanahitajika wote, mwisho wa mwezi, watatu wanatosha. Hakuna aliyewahi kuhesabu. Kisha kiganja kikapiga bati, na yule mama akaniomba nisogee ashuke.

Nilirudi nyumbani Nyamira siku hiyohiyo, nikatandaza fomu juu ya meza ya mama yangu. Kwa siku nne nilifanya jambo ambalo akili iliyochoka hulifanya ikikataa kushindwa: nilitafuta kanuni. Nilizungushia duara kila sanduku la kahawia, kila gazeti, kila mtu aliyerudiwa. Ila kurudiwa hakuthibitishi kitu. Mwalimu anayefundisha mbali naye hurudiwa. Tena mtu ambaye hakurudiwa anaweza kuwa ameajiriwa kukaa asubuhi moja tu. Nilijaribu kupunguza idadi yote kwa sehemu ya tano, halafu ya tatu, halafu nikagundua kwamba nilikuwa nachagua sehemu inayoyaacha mapendekezo yangu yakiwa yamesimama. Nikaweka kalamu chini.

Hapo ndipo nilipolazimika kuitazama safu ya nne, ambayo nilikuwa nimeikwepa kwa siku zote hizo. Safu ya nne iliuliza: Unakwenda wapi? Katika kulelewa kwangu, mtu mzima aliye njiani haulizwi anakokwenda. Bibi yangu aliamini kwamba kuuliza huko kunaifunga njia. Mama yangu aliona ni utovu wa adabu tu. Ningewauliza vijana, na niliwauliza. Lakini nilipofika mbele ya mtu wa rika la wazazi wangu, swali liligoma kutoka. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, kisha nikarudi kwenye benchi na kuandika lile jina lililokuwa kwenye kibao cha kioo cha mbele. Kisumu. Kwa mwenye mzigo mkubwa niliongeza: treni. Niliona ni ukamilishaji mdogo, wa kiungwana. Laiti ningeuliza hata mara moja, yule mama angeniambia siku ya kwanza kwamba haendi popote, na ningepata tasnifu nyingine, pengine bora zaidi. Kwa hiyo hawakunidanganya. Walikuwa wameketi tu. Jibu lilikuwa langu.

Nilijua pia kwamba hakuna mtu kwenye jopo ambaye angegundua. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye steji ile, na majedwali yalikuwa safi. Ningeweza kunyamaza na kuvishwa joho. Wazo hilo halikunijia kama kishawishi. Lilikuja kama kitanda humjia mtu aliyetembea kutwa.

Katika siku hizo nilikikumbuka kivuko kimoja cha kule ng'ambo. Ilikuwa mchana wa mvua. Nilikuwa abiria pekee, mimi na mfanyakazi wa kamba, na saa ilipofika kikaondoka hivyo hivyo, na viti vyake vyote vitupu vikimeta. Wakati huo nilivutiwa na uaminifu wake kwa saa. Sikujiuliza ni nani anayegharimia utupu ule. Kwetu hakuna anayeugharimia, kwa hiyo watu hukodiwa kuuficha. Nililiandika wazo hili pembeni mwa fomu, kisha nikalikata, maana lilikuwa zuri mno na lilikuja wakati ambapo zuri lingenisaidia kukwepa.

Mama alirudi kutoka kwenye majani chai, akaziona karatasi hazijaondoka mezani, akauliza tutakula wapi. Nikamweleza yote, kwa Ekegusii, tangu benchi hadi sanduku. Kuhusu watu wa kukaa alicheka mpaka akaketi. Alisema hata watoto wa shule wanawajua. Kwani nilifikiri watu walewale wanakimbilia nini Kisumu kila siku ya Mungu? Lakini nilipofika kwenye safu ya nne, nilijitetea. Nilisema ni yeye aliyenifundisha kutowauliza wakubwa.

Hakucheka tena. Alipangusa utomvu wa chai kwenye vidole.

"Nilikufundisha usiwaulize," alisema. "Sikukufundisha uwajibie."

Kisha akazikusanya fomu zangu taratibu, akaziweka juu ya kabati, akapakua chakula.

Baada ya kula nilitoka nikapanda hadi ukingo wa shamba, ambako simu hushika mtandao. Nilisimama pale kwa muda nikitunga sentensi. Ya kwanza ilianza na changamoto za ukusanyaji wa data. Ya pili ilianza na mazingira ya kipekee ya usafiri wa mashinani. Nilitunga ya tatu, ambayo ilikuwa na yule mama na sanduku, nikaona nataka msimamizi acheke kwanza. Nikaziacha zote tatu nikapiga.

Alipokea haraka, akadhani ni habari ya picha. Nilianza kwa Kiingereza, kama kawaida yetu, nikakwama, nikahamia Kiswahili.

"Daktari, safu ya nne niliijaza mwenyewe. Watu wazima sikuwauliza."

Nilisikia kiti kikisogezwa upande wa pili. Akauliza, wote? Nikasema karibu wote. Na wengi wao, nikaongeza, hawakuwa abiria. Walikuwa wamewekwa kujaza viti. Akauliza wangapi. Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba kwa fomu nilizo nazo haitawezekana kujua.

Kisha akasema ataliondoa jina langu kwenye orodha ya jopo mchana huohuo, na kwamba zaidi ya hapo hawezi kuniahidi kitu, hata kwamba nitaruhusiwa kurudia utafiti. Nikasema nimeelewa.

"Sasa ngoja," akasema, "nichukue kalamu. Halafu uanze tena, polepole, na usiruke kitu."

Nikangoja. Aliporudi, nikaanza.