Mpaka wa Mkonge

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha Mikumi, na kwa sababu hiyo nilijiona ndiye mtu pekee katika familia yetu anayefaa kugawa ardhi. Miaka yote nimefundisha watoto wa watu kusoma ramani. Kiwanja kimoja cha mama pale Kilosa mjini kingenishinda nini?

Mama alitaka kigawanywe angali hai, vipande viwili, changu na cha dada yangu, kila kimoja na hati yake. Haraka ile haikuwa kwa ajili yangu. Dada alifiwa na mumewe, na shemeji zake wakamtoa kwenye nyumba waliyoijenga wawili kwa jasho lao. Alirudi kwa mama na mabegi mawili, akayasukuma chini ya kitanda, na mwaka ukapita hajayafungua yote. Alichomoa nguo mojamoja, kama mtu aliye safarini.

Basi likizo ilipofika nikaenda na kamba ya manila, nimevaa fulana ya michezo. Sisi ni wajukuu wa vibarua wa mashamba ya mkonge, na mipaka tuliyolelewa nayo ni ile inayoota. Nikapanda miche ya mkonge katikati ya kiwanja, majirani wakasimama kushuhudia, mama akapika pilau. Nikatoa na hotuba. Sikumbuki nilisema nini, ila pilau ilipoa.

Kipande cha mbele, kinachotazama barabara, nilijipa mwenyewe. Nilieleza kwamba nyuma kuna utulivu, na dada anahitaji utulivu. Sikutaja zile fremu mbili za duka ambazo tayari nilikuwa nimeshazijenga kichwani. Gharama niliyoijua ni ya mpima tu, na nilidhani kilichobaki ni ofisi kugonga mhuri.

Wiki iliyofuata tukaenda ofisi ya ardhi, mimi na dada. Afisa alikuwa binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu anayeleta kazi iliyokwisha, nikamtandazia mchoro wangu, niliokuwa nimeupaka rangi. Akanieleza bila haraka kwamba kwanza mama alete maombi pamoja na hati yake, kisha mtaalamu wa mipango miji achore mgawanyo na upitishwe, ndipo mpima aje kuweka mawe ya mipaka. Ramani yake nayo ikishaidhinishwa, hati ya mama inarudishwa na mbili mpya zinaandaliwa. Kila hatua ina ada yake. Mkonge haukutajwa popote.

"Halafu mwalimu," akauliza, "hiki cha nyuma kinafikaje barabarani?"

"Atapita kwangu."

"Kiwanja kisicho na njia hakipitishwi. Ukiuza cha mbele je? Au Mungu akikuchukua?"

Nikacheka. "Mwanangu, sisi ni ndugu wa tumbo moja!"

Dada akasema taratibu, macho mezani, "Hata kule nilikuwa naitwa ndugu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakunja mchoro wangu wa rangi, nikauweka mfukoni, na sijauonyesha kwa mtu tena.

Mchoro mpya ulikata kiwanja kwa urefu, kila kipande kikawa na mdomo wake barabarani. Nyumba ya mama ikaangukia kwa dada. Upande wangu nilipata migomba na choo cha mama. Mimi, mwenye fremu mbili, nikawa mmiliki halali wa choo. Mama alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Mpaka leo nikipiga simu kumsalimia huniambia kwamba asubuhi alipita kwangu, na alikuta pasafi.

Mkonge niliung'oa kwa mikono yangu, maana hakuna aliyejitolea kunisaidia. Ulinichoma kila mahali, na likizo iliyofuata nikakuta umechipua tena. Nikaanza upya, majirani wale wale wakishuhudia, safari hii bila pilau.

Tulisubiri sana, lakini hati zilitoka. Nilipokwenda Kilosa baada ya hapo, nilizunguka uani kama kawaida yangu. Nyumba ile sijawahi kuipigia hodi. Huwa naingia moja kwa moja mpaka kwenye sufuria. Siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Hodi," nikasema, nikijisikia mjinga.

Nilimsikia mama akicheka ndani.

"Hodi!"

Dada akafungua. Nyuma yake, juu ya kabati, niliyaona yale mabegi mawili yamekunjwa, matupu.

"Karibu kwangu," akasema, akinishikia mlango.

Nikavua viatu mlangoni.