Nilitafuta bima ya kupogoa miti Garissa, nikaambiwa nilete watu wangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Kuna jamaa ameuliza juzi kama kazi ya kupogoa miti, ile ya kufanya ukiwa na ajira nyingine, inahitaji bima. Nilicheka mpaka chai ikanipanda puani. Ndugu yangu, kaa chini. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mashahidi wangu wengi ni mbuzi, na mmoja wao ni marehemu.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Nilifika Garissa juu ya lori la mbuzi.

Nilikuwa nimetoka Takaba, kule Mandera West, nilikokwenda kufunga matangi ya maji mpaka kazi ikaisha. Mimi ni mtu wa Bungoma, lakini tangu nimalize sekondari sijawahi kukaa mahali nikala tunda la mti nilioupanda. Lodwar nimekaa. Voi nimekaa. Isiolo nilikaa mpaka mbwa wa mtaani wakaacha kunibwekea.

Asiyepanda lori la mifugo hajasafiri. Mbuzi wako chini, nyinyi mko juu mmeng'ang'ania vyuma, vumbi linawalisha nyote bila ubaguzi. Ukisinzia unaangukia mbuzi, na mbuzi hana adabu ya kukuamsha polepole. Tulipita Wajir, tukaja, tukaja, hata nikasahau kama nina miguu.

Garissa dereva akasimama tunywe chai. Nilishuka kwa ajili ya chai tu, wakuu. Niliondoka miaka mingi baadaye.

Kilichonishika ni mwarobaini. Miti imejaa mjini, kivuli kizuri, lakini matawi yamelalia mabati na nyaya za stima, hakuna anayeyagusa. Na mimi ujanani nilifanya kazi na mafundi wa kukata miti kando ya nyaya. Nikaona riziki inaning'inia.

Kwanza nilipata ajira kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka tulimwita Adeer Salat. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali, na huko humwiti mtu mzima jina tupu. Jioni na Ijumaa, duka likifungwa, nilichukua kamba, helmeti na power saw yangu, nikapanda miti ya watu.

Adeer hakuipenda kabisa kazi hiyo. "Mungu amekupa miguu ya kutembea chini," aliniambia. "Wewe unataka nini huko juu? Wewe ni nyani?"

Sasa sikieni kosa langu, maana ndilo lililozaa uzi huu.

Bara ukipogoa mti unapewa kazi ya pili ya kubeba takataka. Garissa hakuna takataka. Majani ni chakula. Tawi likigusa ardhi, mbuzi wa mtaa mzima wamefika, na baada ya muda unakuta vijiti vitupu. Nikajisifu kwa wateja kwamba usafi ni bure.

Nisichokifikiria ni kwamba mbuzi wana masikio. Baada ya miezi kadhaa, nikiwasha tu ile mashine, wanatoka kila uchochoro mbio, kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe. Yaani niliwaita mbuzi wenyewe waje wasimame pale pale tawi linapoangukia.

Basi, kukawa na shule moja ya binafsi pale mtaa wa Iftin. Mkurugenzi wake, Bi Hodan, mama wa maneno machache, alitaka mtu wa kutunza miti ya shule mwaka mzima. Migunga mizee, miarobaini, kazi tele. Hiyo ndiyo ingeniwezesha kusimama mwenyewe. Na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natamani kusimama.

Bi Hodan akaniita abti, yaani mjomba, akaniuliza swali moja tu. "Abti, una bima?"

Nikasema niko makini.

"Sikuuliza hiyo. Miti ni yangu. Watoto ni wa watu."

Nikaenda kutafuta bima.

Ofisi ya kwanza nilikuta kijana amefunga tai kwenye joto lile, namheshimu mpaka leo. Akaniuliza kazi yangu kuu. Nikasema duka. Akasema basi bima ya kazini anayokatia mwajiri inanihusu nikiwa dukani. Nikianguka kwenye ngazi ya duka nikishusha rangi, kuna fidia. Nikianguka kwenye mti Ijumaa, ni mimi na Muumba wangu.

Nikaomba bima yangu binafsi ya ajali. Akasoma, akasoma, akanionyesha mstari: haihusu kazi ya kupanda juu. Nikamuuliza, je, ile ya kulipa mtu mwingine nikimharibia mali? Akasema hiyo ni ya biashara kamili, na mimi ni biashara ya jioni.

Akaona huruma. "Bima ya mifugo ninayo. Ukiwa na ngamia wawili tunamaliza leo."

Wakuu, hiyo bima ya mifugo ni ya ajabu. Setilaiti inaangalia kutoka juu, ikiona majani yamekauka, wafugaji wanalipwa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisikia kazi yangu, akanivuta mkono. "Warya, wewe! Kata mingi. Kata yote. Wacha hiyo kitu ya juu ione ukame."

Ofisi ya pili walisema wataniita. Wakiisoma hapa, simu yangu bado iko hewani.

Nilirudi kwa Bi Hodan mikono mitupu. Akafikiri, akasema nimpogolee mti mmoja, ulio nje ya ukuta, aone ninavyofanya kazi. Ulikuwa mtihani wangu.

Nikapanda. Nikawasha mashine. Waliosikia kengele wakaja.

Nilipiga kelele, nikarusha kofia, nikatukana kwa Kibukusu. Wengi walisogea. Mmoja hakusogea. Alikuwa mbuzi jike mweupe wa Eeddo Dahabo, mama anayeuza maziwa ya ngamia karibu na lango la shule. Eeddo ni shangazi, na yule alikuwa shangazi wa kila mtu. Tawi lilikuwa limeshakatika.

Kabla sijashuka, mwanamume mmoja mpita njia alikuwa amekwisha kumchinja asije akawa haramu. Garissa watu ni wepesi wa kusaidia.

Eeddo Dahabo akatazama mbuzi, akanitazama mimi. "Alikuwa na mimba," akasema. "Mapacha."

Bi Hodan alikuwa dirishani. Akafunga pazia.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, tukaitwa maslaha. Ndiyo kikao cha kupatanisha. Mikeka miwili ikatandikwa mbele ya duka letu, mmoja wa waliodhuriwa, mmoja wa waliodhuru. Mkeka wa Eeddo Dahabo ulijaa mpaka watu wakakalia viatu vyao. Kwenye wangu nilikaa mimi na helmeti yangu.

Mzee wa kikao akanitazama. "Watu wako wako wapi?"

"Bungoma."

"Waite."

"Ni mbali, mzee."

"Sisi tunangoja." Wakaangua kicheko, hata mimi.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Huko mtu hadhuru peke yake na halipi peke yake. Ukiwa na watu, neno lako lina uzito. Ukiwa peke yako, hata ukilipa, kesho nani atakuruhusu upande juu ya bati lake? Niliona shule imeniponyoka. Nikaanza kukumbuka saa za mabasi ya Nairobi.

Mjadala ukaanza. Je, tawi lilimwendea mbuzi, au mbuzi aliliendea tawi? Wa upande ule wakasema mbuzi aliitwa na mashine. Nani aliiwasha? Mchinjaji akaulizwa kuhusu mapacha. "Wallahi mimi niliona maini tu," akasema.

"Kwa sababu macho yako yalikuwa kwa maini!" Eeddo Dahabo akamjibu.

Hapo ndipo Adeer Salat alipotoka dukani. Kumbuka, huyu ndiye aliyeniita nyani. Alivua viatu, akavuka uwanja, akaketi kwenye mkeka wangu bila kunitazama.

"Huyu anauza misumari yangu," akasema. "Anakunywa chai yangu. Kazi yake ya Ijumaa ni ya ujinga, nimemwambia. Lakini ni wangu."

Wapwa zake wakaja. Wapagazi wa duka wakaja. Kinyozi wa jirani akaja akiwa bado ameshika chanuo. Nilisukumwa mpaka ukingoni mwa mkeka.

Ikaamuliwa mbuzi jike mmoja na mtoto wake, watolewe na sisi sote wa mkeka wangu. Eeddo Dahabo akakubali, kisha akanipa kikombe cha maziwa. "Kunywa. Umekonda kama hiyo miti yako."

Asubuhi Bi Hodan akatuma neno dukani. "Mwambie aje. Sasa ana bima."

Nilifanya kazi ya shule ile mpaka mwisho. Nikawa nazungushia kamba kwanza, na mbuzi wanafungiwa kabla sijagusa mashine. Majani wanapelekewa.

Na ada ya ile bima? Ilikuja kudaiwa. Siku moja niko juu ya mgunga, simu ikalia, ni Adeer. "Tumegonga ngamia kule Bura."

"Nani amegonga?"

"Sisi." Kumbe mmoja wa wapwa zake, dereva wa lori. Nikashuka, nikachanga, nikaenda kukaa mkekani. Nilichanga mara nyingine nyingi kwa watu ambao hata sura sizijui, na sikulalamika.

Kwa yule aliyeuliza, ushauri wangu ni huu. Tafuta bima kabla hujanunua mashine. Uliza waziwazi kuhusu kazi ya juu, na kuhusu mali ya watu. Usidhani bima ya mwajiri itakufuata jioni. Karatasi ni muhimu, sibishani. Ila uliza pia nani ataketi upande wako siku tawi litakapoanguka vibaya.

Mimi niliondoka Garissa mama alipozeeka akabaki peke yake Bungoma. Asubuhi ya kuondoka, Adeer alinisindikiza mpaka kwenye basi, akiibeba power saw yangu yeye mwenyewe, kwa kuichukia vile vile. Akaiweka kwenye buti, akajifuta mikono.

"Huko kwenu kuna miti?"

"Mingi, Adeer."

"Na mbuzi?"

"Wapo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa na mtoto. "Ukiangusha kitu, usikae mkekani peke yako. Piga simu, tunakuja."

Basi likavuka daraja la Tana. Sikugeuka nyuma, maana abiria wangeyaona machozi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mkeka wako ukitandikwa leo, nani anavua viatu kuja kuketi nawe?