Injini ya Hiace Ndani ya Pijo ya Muzee Nicolas

Kwa mara ya nne tangu asubuhi Kalenga aliishusha injini ya Hiace ndani ya Pijo 404, na kwa mara ya nne ikakataa kukaa. Juzi ilizuiwa na rejeta. Jana ni usukani. Leo bakuli la oili lilikuwa limekwama juu ya chuma cha mbele na halikusogea hata kwa nyundo. Akaipandisha tena kwa mnyororo, akatupa spana chini na kulitukana gari. Halafu akajikumbusha kwamba gari halikuwa na kosa. Waliolitengeneza miaka ya sitini waliacha nafasi ya injini yake lenyewe, si ya basi la abiria.

Gari lilikuwa la mama mkwe wake, Mama Élisabeth, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa watu wao, mwanamume hasemi na mama mkwe uso kwa uso wala hali chakula mbele yake, mpaka siku mama huyo ampikie na kumwita mwenyewe kwa jina. Siku hiyo ilikuwa inakuja tangu miaka kumi na minne. Mwaka mmoja kulikuwa na msiba, mwingine ubatizo, mwingine mzee anaumwa. Kalenga akimwona mama huyo kwenye barabara za mtaa wao wa Kikula, huvuka upande wa pili. Mama akija kumtembelea binti yake, Kalenga hutoka kwa mlango wa nyuma hata kama ana supu mdomoni. Maneno yote hupita kwa Sephora, mke wake, na Sephora alizaliwa na kipaji kimoja cha hatari: kulainisha maneno. Ukimpa jiwe, atafikisha andazi.

Ni adhabu gani hiyo kwa mtu kama Kalenga! Madereva wa taxi-bus walimletea magari yao kwa sababu moja tu: hasemi uongo. Akikuambia injini imekufa, nenda kazike. Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyuma ya nyumba, bati juu, na mabomba matatu yaliyofungwa pamoja kushikilia mnyororo. Pale aliwaambia wakubwa na wadogo ukweli wao usoni, isipokuwa mwanamke mmoja.

Mwaka jana Muzee Nicolas, baba mkwe, alifariki. Alikuwa fundi chuma kwenye kiwanda cha shaba, na ile Pijo ya dizeli aliitunza kwa mikono yake mpaka vipuri vingine alivichonga mwenyewe. Jumamosi hii matanga yalikuwa yanaondolewa. Mama Élisabeth angevua nguo nyeusi na kwenda misa ndani ya gari la mumewe, huku ndugu wa Lubumbashi na Kolwezi wakitazama. Leo ilikuwa Jumatano. Gari lisipotembea, ukoo mzima ungesema kwamba mkwe aliyejiita fundi ndiye aliyeliua gari la marehemu.

Na lilikuwa linatembea! Wiki tatu nyuma Sephora alileta neno: mama anasema gari halina tena nguvu ya kupanda mlima. Kalenga akaenda kulitazama mama akiwa sokoni, kisha akatoa jibu. Siku mbili za kusafisha pampu, basi. Siku hiyo alikuwa na njaa, akaongeza kwa hasira, "Kama hana subira, tumuwekee ile moteur ya Hiace!" Jibu likarudi: mama amekubali ya Hiace. Kalenga akashika kichwa. Lakini nani humkatalia mama mkwe? Arsène, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alikuwa na injini ya Hiace iliyomlia dizeli nyingi mno kinuni. Akafurahi kuibadilisha na ile ndogo ya Pijo. Wakabadilishana, na tangu hapo Kalenga hakulala vizuri hata siku moja.

Sasa alikuwa chini ya gari, anapima chuma atakachokikata, alipoona kandambili za bluu zimesimama karibu na gurudumu. Sephora alikuwa nazo kama hizo.

"Mama yako ananichokesha!" akafoka bila kugeuka. "Moteur ya muzee ilikuwa muzima. Ilikuwa paka na uchafu tu mu pompe. Lakini yeye, hapana! Moteur kubwa, moteur kubwa! Anataka kukimbiza nani mu hii Likasi?"

Kandambili hazikusogea. Kisha sauti ikajibu, na haikuwa ya Sephora.

"Minye sikuomba moteur kubwa."

Kalenga akagonga paji la uso kwenye bomba la moshi. Kutoka hakuweza, kwa sababu angemtazama usoni. Kukimbia hakuweza, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa mbali na yeye alikuwa amelala chali. Akabaki kuitazama giaboksi.

"Sephora aliniambia weye njo unasema ya Hiace itafaa," Mama Élisabeth akaendelea. "Minye nikasema, bukwe yangu njo fundi, afanye vile anajua. Nitamukatalia namna gani? Lakini minye nilitaka paka ile ya bwana yangu, ile tu. Iko wapi?"

Miaka kumi na minne ya kukimbia, na neno la kwanza la kumwambia likawa hili. "Iko kwa Arsène, mama. Pa moulin, pa kinu yake. Iko inasaga."

Kandambili zikageuka, zikaondoka polepole.

Kalenga akatoka akiwa na oili mpaka masikioni. Sephora alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, amesikia yote.

"Weye ulimuambia nini?"

"Ningemupelekea mama matusi yako?" Sephora akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilisema fundi anashauri. Na yeye alisema ufanye vile unajua. Nikaona ni ndiyo."

Kalenga alitaka kumkasirikia, na alimkasirikia, lakini hasira haikukaa mahali pamoja. Yeye ndiye aliyetupa maneno ovyo kwa sababu ya njaa. Wiki tatu za jasho kwa kitu ambacho hakuna aliyekitaka! Injini ya muzee ilikuwa imeshafungwa kinuni, na kuing'oa na kuirudisha kabla ya Jumamosi hakukuwezekana. Aliona aibu, na aibu ikamrudisha chini ya gari. Alhamisi akakata chuma na kuunga kingine. Ijumaa, saa sita mchana, injini ilikaa. Ikawaka.

Alipoizima akakuta meza ndogo imewekwa uani. Mama Élisabeth alikuwa ameketi nyuma yake, na juu kulikuwa na bukari, yaani ugali wa moto, samaki na matembele. Kalenga akatafuta mlango wa nyuma kwa macho.

"Mama anasema—" Sephora akaanza.

"Nyamaza," mama akasema. "Kalenga. Kuya ukule."

Akaketi. Akanawa mikono.

"Nilienda pa moulin na mahindi yangu," mama akasema. "Nikasimama karibu, nikaisikia. Ni yeye kabisa. Hii bukari ni ya unga yenye moteur yake ilisaga."

Kalenga akamega tonge, akalichovya kwenye matembele. Alimpenda yule mzee, na hakuwahi kumwambia mjane wake pole kwa mdomo wake mwenyewe. Akamwambia sasa. Mama akaitika kwa kichwa, akajipangusa macho kwa pindo la kitenge.

"Na kesho? Motokari itafika ku kanisa?"

"Itafika, mama. Lakini capot haifungike, nitaifunga na kamba. Na itapiga kelele sawa taxi-bus."

Mama Élisabeth akaitazama boneti iliyobaki wazi juu ya injini.

"Muzee angekutukana."

"Ndiyo, mama. Sana."

Akamwongezea bukari.